Bendera za Ghana, za Kale na za Sasa

Neno bendera tulilipata kwa Wareno. Walipofika pwani yetu na merikebu zao, kile kitambaa cha mlingotini walikiita bandeira, nasi tukalichukua neno, tukalitia sauti yetu, likawa letu hata likaingia katika methali. Wareno hao hao walikuwa wamekwisha kujenga ngome yao Elmina, katika pwani ya Afrika Magharibi, tangu mwaka 1482. Kwa hiyo si ajabu kwamba habari za bendera katika nchi inayoitwa Ghana leo nazo zaanzia ufukoni, juu ya boma la mawe.

Watu wa huko hawakungoja mgeni ili wawe na alama za enzi. Walikuwa na viti vya kifalme, panga za heshima, fimbo za wasemaji wa wafalme, miavuli mikubwa na ngoma, kama sisi huku tulivyokuwa na siwa na ngoma kuu. Lakini bendera waliipokea, wakaifanya yao, na baadaye ikawapa neema na udhia. Nia yetu hapa si kuzihesabu bendera zote zilizopandishwa katika nchi hiyo. Tunataka hasa kuifuata rangi moja, ile ya dhahabu: jinsi ilivyoingia, ilivyoondolewa, na ilivyorudi.

Tuanze na kisa ambacho hakitajwi mara nyingi katika vitabu vya shule. Katika Osu, mahali ambapo leo ni sehemu ya jiji la Accra, Wadenmark walijenga ngome mwaka 1661 wakaiita Christiansborg. Mwaka 1693 mtu mmoja wa dola ya Akwamu, jina lake Asameni, aliyekuwa akiwajua Wadenmark kwa kuwa alipata kuwafanyia kazi na biashara, aliingia ngomeni pamoja na watu waliojifanya wanunuzi wa bunduki. Walipopewa bunduki wazijaribu, walizishindilia kweli kweli, na ngome ikawa yao. Kwa muda wa mwaka mmoja Asameni alikaa pale akivaa mavazi ya gavana na kufanya biashara na merikebu zilizopita. Naye hakuiacha bendera ya Wadenmark mlingotini. Alipandisha yake: kitambaa cheupe chenye picha ya mtu mweusi katikati, ameinua upanga. Mwaka 1694 Wadenmark walilipa marki 50 za dhahabu wakarudishiwa ngome, lakini funguo hawakurudishiwa. Watu wa Akwamu wangali nazo hata leo.

Tumeieleza habari hii kwa urefu kwa sababu ngome hiyo itarudi tena katika mazungumzo yetu. Waingereza waliinunua kutoka kwa Wadenmark mwaka 1850, pamoja na ngome zao nyingine, kwa pauni 10,000. Mwaka 1872 Waholanzi nao waliwaachia ngome zao, na mwaka 1874 Waingereza wakatangaza kuwa pwani hiyo ni koloni lao, Gold Coast, yaani Pwani ya Dhahabu.

Bendera waliyoipa koloni hilo ilikuwa ya buluu, bendera ya Kiingereza ikiwa katika pembe ya juu, na kando yake duara lenye picha ya ndovu, mnazi na vilima, na chini herufi G.C. Msomaji asidhani kwamba mtu alikaa akafikiri sana juu ya ndovu huyo. Ndovu huyo huyo, mbele ya mnazi huo huo, alipewa pia Gambia, Sierra Leone na Lagos. Zilizobadilishwa ni herufi tu. Ndovu mmoja aliwatosha wote, kama muhuri wa bohari.

Wakati huo huo Wafante wa pwani walikuwa na bendera za aina nyingine kabisa. Katika miji yao, kama vile Cape Coast, Anomabo na Saltpond, mna vikundi vya askari wa jadi viitwavyo asafo, na kila kikundi kina nambari yake, rangi zake, na bendera zake ambazo kwa lugha yao huitwa frankaa. Hukatwa vitambaa vya rangi mbalimbali vikashonewa juu ya kitambaa kikubwa, vikafanya picha: chui, merikebu, gari moshi, mti na watu wanaoupanda. Kila picha ni methali. Samaki aliyechorwa pamoja na mamba humkumbusha mtazamaji kwamba samaki hunenepa kwa faida ya mamba aitawalaye mto. Sisi wa pwani ya mashariki hatuhitaji kufafanuliwa sana jambo hili, kwa kuwa mama zetu na dada zetu wamekuwa wakisemezana kwa kanga miaka nenda miaka rudi, na kanga imepata kuvunja ujirani. Bendera za asafo nazo zilivunja ujirani. Kikundi kimoja kikipita na fumbo la kukidharau kingine, watu walipigana, na damu ikamwagika hata serikali ya kikoloni ikaona haina budi kuzikagua bendera hizo na kuzikataza zile za uchokozi. Katika pembe ya juu Wafante walikuwa wakishona bendera ya Kiingereza. Baada ya uhuru, mafundi waliiacha wakashona pale bendera ya Ghana. Hakuna aliyeandika sheria ya kuwaamuru. Pembe ile ilikuwa ni ya mwenye nchi, na mwenye nchi alikuwa amebadilika.

Huko bara, Waasante walikuwa na kitu kilichopita bendera. Kiti cha Dhahabu ndicho kilichobeba roho ya taifa lao, na hakuna binadamu aliyekikalia, wala mfalme mwenyewe. Gavana wa Kiingereza alipodai mwaka 1900 kwamba aletewe kiti hicho, Yaa Asantewaa aliongoza vita. Waasante walishindwa vitani, nchi yao ikatiwa chini ya Waingereza mwaka 1901, lakini kiti hakikupatikana. Tunalitaja hili ili msomaji aelewe kwamba kwa watu hao dhahabu haikuwa rangi ya pambo.

Sasa twende karibu na uhuru. Tarehe 28 Februari 1948 askari wa Kiafrika waliorudi kutoka vita kuu ya pili ya dunia waliandamana kwa amani kuelekea ngome ya Christiansborg, ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa makao ya gavana, ili kumpelekea malalamiko yao. Walizuiwa njia panda, afisa wa polisi wa Kiingereza akafyatua risasi, na watu watatu wakafa: Sajini Adjetey, Koplo Attipoe na Private Odartey Lamptey. Ghasia zikaenea. Viongozi sita wa siasa walikamatwa, miongoni mwao Kwame Nkrumah na Dakta J. B. Danquah, mwanasheria na mwanachuoni aliyekuwa akitetea kwamba nchi itakapokuwa huru iitwe Ghana, kwa ukumbusho wa dola ya kale ya Sudani ya Magharibi. Msomaji aikumbuke tarehe hiyo, na awakumbuke watu hao wawili waliofungwa kwa jambo moja.

Mwaka uliofuata Nkrumah aliunda chama chake, Convention People's Party, na rangi zake zikawa nyekundu, nyeupe na kijani. Mwaka 1954 serikali yake, iliyokuwa na madaraka ya ndani, ilipanga bei ya kakao kuwa shilingi 72 kwa mzigo wa ratili 60, na wakulima wa Asante walikasirika kwa sababu bei ya dunia ilikuwa juu zaidi. Mwezi Septemba mwaka huo kikazaliwa Kumasi chama cha National Liberation Movement kilichotaka serikali ya shirikisho. Nacho kilikuwa na bendera: kijani kwa misitu ya Asante, dhahabu kwa utajiri wa ardhi, nyeusi kwa viti vya mababu, katikati mti wa kakao, na chini yake nungunungu, mnyama wa alama ya Waasante. Miaka miwili kabla ya uhuru, basi, mtu aliyepita Kumasi aliweza kujua kwa rangi tu nyumba ipi ni ya upande upi, na mabomu yalikuwa yakirushwa usiku.

Katika hali hiyo ndipo taifa lilipohitaji bendera. Serikali iliita michoro, na uliochaguliwa ulikuwa wa Bibi Theodosia Salome Okoh, mwalimu na msanii aliyezaliwa mwaka 1922. Yeye aliitazama nchi yenyewe. Nyekundu ni damu ya waliopigania uhuru. Dhahabu ni madini yaliyoipa nchi jina la zamani. Kijani ni misitu na mashamba. Na katikati nyota nyeusi, nyota ya kuongoza uhuru wa Afrika. Rangi tatu hizo ni zile za Ethiopia, nchi iliyomshinda Mwitalia huko Adwa mwaka 1896. Nyota nyeusi ilikuwa imevuka bahari mara mbili: ndilo jina ambalo Marcus Garvey, Mjamaika, aliipa kampuni ya meli aliyoianzisha Marekani mwaka 1919, ili watu weusi wa pande zote za bahari wasafiri na kufanya biashara kwa vyombo vyao wenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Machi 1957, katika uwanja wa Old Polo Grounds, Accra, bendera ya Kiingereza ilishushwa na hii ikapanda. Mwenye chuki hata na mwenye mapenzi waliitazama kwa pamoja.

Hapa ndipo tungependa msomaji atulie kidogo. Bendera hiyo ilikuwa na nyekundu na kijani, ambazo ni rangi za chama cha Nkrumah, na ilikuwa na dhahabu, nyeusi na kijani, ambazo ni rangi za wapinzani wake wa Kumasi. Hatudai kwamba Bibi Okoh alikusudia hivyo. Yeye aliyataja misitu na madini, nasi hatuna sababu ya kumtilia maneno kinywani. Lakini bendera ina maana ya aliyeichora na ina maana ya anayeitazama. Mwasante aliyeitazama aliiona rangi yake mle, na mwanachama wa Nkrumah aliiona yake. Wimbo wa taifa, ambao muziki wake ulitungwa na Philip Gbeho, katika maneno yake ya kwanza ulianza na bendera hiyo.

Nyota iliongezeka kwa muda. Tarehe 23 Novemba 1958 Ghana na Guinea zilitangaza muungano, na katika bendera ya muungano huo palikuwa na nyota nyeusi mbili. Mali ilipoingia mwaka 1961 zikawa tatu. Muungano huo haukupata serikali moja wala fedha moja, na kabla ya mwaka 1963 kwisha nyota hizo za ziada zilikuwa hazina nchi nyuma yake. Huku kwetu, baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana tarehe 26 Aprili 1964, bendera mbili zilifumwa zikawa moja, buluu ya Zanzibar ikikaa pembeni mwa kijani, nyeusi na manjano ya Tanganyika. Nkrumah na Mwalimu Nyerere walikuwa wakibishana wakati huo huo, hata hadharani huko Cairo mwezi Julai 1964, juu ya njia ya kuiunganisha Afrika: kwa mara moja au kwa hatua.

Mwaka huo wa 1964 ndio ambao rangi ya dhahabu iliondolewa. Mwishoni mwa Januari Ghana ilipiga kura ya maoni juu ya kuwa na chama kimoja kwa mujibu wa sheria, na matokeo yaliyotangazwa yalikuwa asilimia 99.91 ya waliokubali. Waliokataa katika nchi nzima walihesabiwa kuwa 2,452. Kisha ukanda wa katikati wa bendera ya taifa ukawa mweupe. Nyekundu, nyeupe, kijani: rangi za Chama. Nyota nyeusi peke yake ilibaki mahali pake.

Katika ofisi moja ya wilaya tulikofanya kazi ujanani, bendera ilikaa juani muda mrefu bila ya nyingine kuletwa, na zile kanda zake nyembamba za manjano zikafifia mpaka zikawa nyeupe. Mzee mmoja aliyekuja kwa shauri la mpaka wa shamba aliinua uso, akaitazama, akatuuliza: "Mwanangu, bendera wameibadilisha lini?" Tulicheka, tukamweleza kwamba ni jua tu. Hakucheka. Yeye alikuwa amekwisha kuona mambo yakibadilishwa mara nyingi bila ya kuambiwa, na aliona ni heri kuuliza. Tulipokuja kusoma habari za Ghana ya mwaka 1964 ndipo tulipomwelewa.

Atatokea wa kutukumbusha kwamba hata bendera ya Tanganyika ya mwaka 1961 ilitokana na ile ya TANU. Ni kweli. TANU ilikuwa na kijani na nyeusi, na katika kuifanya bendera ya taifa iliongezwa rangi ya manjano. Sisi twaona tofauti hapo. Kulikuwa na nyongeza, na mtu asiyekuwa mwana TANU hakunyang'anywa kitu alichokwisha kukizoea. Nchi yetu nayo ilifuata siasa ya chama kimoja tangu mwaka 1965 hadi 1992, na CCM ilipozaliwa tarehe 5 Februari 1977 ilijitafutia bendera yake yenye jembe na nyundo. Ya taifa haikuguswa. Ghana ilipunguza. Sisi tulio watunzi wa mashairi twajua kwamba ukiongeza ubeti mwishoni shairi laweza kustahimili, lakini ukitoa neno moja katikati ya mshororo, mizani yote hulegea, na msikilizaji huona hata kama hajui kuhesabu.

Wala hatutaki kumfanya Nkrumah mtu mdogo. Bwawa la Akosombo katika mto Volta lilifunguliwa Januari 1966, bendera ya ukanda mweupe ikiwa ndiyo ya taifa, na umeme wake umeinufaisha nchi hadi leo. Lakini chini ya bendera hiyo hiyo Dakta Danquah, aliyekuwa amefungwa pamoja na Nkrumah na Waingereza mwaka 1948, alikamatwa na serikali ya Nkrumah bila ya kushtakiwa mahakamani, akafia katika gereza la Nsawam tarehe 4 Februari 1965. Aliyelitetea jina la Ghana alifariki akiwa mfungwa wa Ghana.

Tarehe 24 Februari 1966, Nkrumah akiwa safarini kuelekea Hanoi, wanajeshi na polisi waliipindua serikali yake. Walikipiga marufuku Chama, na sanamu yake iliyokuwa mbele ya bunge iliangushwa. Tarehe 28 Februari waliurudisha ukanda wa dhahabu. Ilikuwa imetimia miaka 18 kamili tangu wale askari watatu wauawe katika njia ya kwenda Christiansborg. Na jambo la kustaajabisha ni hili: waliotaka kuifuta kila alama ya Nkrumah hawakupata bendera nyingine ya kupandisha ila ile aliyoipandisha Nkrumah mwenyewe usiku wa uhuru. Hata nyota ya Garvey hawakuitoa. Wangeitoa, ni nini kingebaki?

Methali yetu husema bendera hufuata upepo, na twaitumia kwa kumsema mtu asiye na msimamo. Upepo ulivuma sana Ghana baada ya hapo. Wanajeshi walitwaa serikali mwaka 1972, wakapinduana wenyewe kwa wenyewe, wakapindua tena 1979 na 1981, na maneno ya wimbo wa taifa yakabadilishwa katika miaka ya sabini. Katiba mpya ikaja mwaka 1992. Katika yote hayo hakuna aliyeigusa bendera. Jirani zao hawakuwa hivyo. Dahomey ilipojiita Benin mwaka 1975 iliweka bendera ya kijani yenye nyota nyekundu, na mwaka 1990 ikarudi kwenye ile ya zamani. Upper Volta ilibadili jina na bendera kwa pamoja mwaka 1984 chini ya Thomas Sankara. Yeye aliuawa tarehe 15 Oktoba 1987, lakini Burkina Faso na bendera yake vimebaki.

Mwezi Machi 1997 Mwalimu Nyerere alikwenda Accra katika sherehe za miaka 40 ya uhuru wa Ghana, akawakumbusha wenyeji wake kwamba ile bendera ya mwaka 1957 haikupandishwa kwa ajili yao peke yao, kwa kuwa Ghana ndiyo iliyokuwa mwanzo wa ukombozi wetu sote. Nkrumah alikuwa amefariki Bucharest tangu tarehe 27 Aprili 1972. Hivi sasa amelazwa pale pale Old Polo Grounds alipoutangaza uhuru, na ile sanamu iliyoangushwa imesimamishwa karibu naye, haina mikono, na kichwa chake kimewekwa kando yake juu ya nguzo fupi.

Bibi Okoh hakuacha kazi alipomaliza kuchora. Aliuongoza mchezo wa mpira wa magongo nchini mwake, na kiwanja cha mchezo huo jijini Accra kimepewa jina lake. Alifariki mwezi Aprili 2015, akiwa na umri wa miaka 92. Wafante wa asafo wangali wanashona bendera zao, na katika pembe ya juu hushona ya kwake, nyekundu, dhahabu na kijani, yenye nyota.